Miche Iliyoonewa Huruma

Mkamwana alishtuka alipoiona miche ya kabichi uani imevaa barafu, kila jani gumu kama kigae.

"Usiogope, mwanangu," mama mkwe alimcheka, huku ameshika chupa ya mafuta na kopo la samli. "Tazama, samli imeganda kwa baridi, mafuta bado yanatiririka. Na ndani ya jani mna mafuta. Mche ukizoeshwa baridi kidogo kidogo, mafuta yake hugeuka laini kama haya, ngozi haipasuki. Ndiyo maana nikakwambia uilaze nje wiki nzima. Mbegu nyingine hatuna, ati! Hata wewe ulipoolewa tulikuzoesha."

 Kila usiku, mama mkwe akishalala, mkamwana alikuwa akiingiza miche jikoni iote moto, na alfajiri anairudisha. Usiku wa jana tu ndipo usingizi ulimpitia, miche ikalala nje.

Jua likauvuka ukuta. Akachuchumaa, akaweka kidole chini ya jani moja. Barafu ikayeyuka. Jani likageuka jeusi kama lililochemshwa, likamlalia kidoleni, linachuruzika maji.

"Haya, niambie," mama mkwe aliita kutoka mlangoni. "Limesimama?"