Zoezi la Sufuria

Sufuria ilianguka nyuma ya Modeste kwa mara ya ishirini, na safari hii hata kope haikumcheza.

"Vizuri," alisema mama yake, Félicité. Kisha akaita kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita aje kula, "Modeste." Kijana aliendelea kutazama ukuta.

"Mama, miye nimekuwa kiziwi kabisa," alisema baadaye. "Hata ugali ukiiva, mtakula bila mimi."

"Weye, kiziwi haongei," akajibu Félicité, akaiokota sufuria.

Hakucheka. Tangu waasi waingie Uvira, makarani wa serikali walikuwa wakitafutwa nyumba kwa nyumba, na Modeste alikuwa karani. Wawili waliofanya naye kazi walichukuliwa, hawakurudi. Siku ya kumi na mbili sasa alikuwa amejificha kwa jirani yao Mwamvua, pale mtaani Kilibula.

Mwamvua alikuwa kiziwi, na ukoo wake ulikuwa na viziwi katika kila kizazi. Babu wa babu yake alifika na wafanyabiashara wa Ziwa Tanganyika, akaoa Uvira. Baadhi ya watoto wakabaki, wengine wakahamia Ujiji, ng'ambo ya pili. Mwaka huo viziwi watano wa Ujiji walivuka ziwa kuja kuwaona viziwi wenzao wa damu moja, kuzuru kaburi la babu, na kulinganisha ishara za mikono walizorithi kila upande wa maji. Juma zima ua ulijaa mikono na vicheko: huku samaki alionyeshwa kwa kiganja, kule kwa vidole viwili, na kila upande ulidai ndio ulioshika ishara ya babu. Kisha vita vikawafungia njia. Mmoja wao, Kasimu, akafa kwa homa, akazikwa kando ya babu.

Waasi hawakujua habari za kifo hicho. Walitoa karatasi ya njia iliyosema viziwi wageni watano warudi kwao kwa boti. Haikuwa na majina, idadi tu. Wale wanne walikubali Modeste ashike nafasi ya Kasimu, na Mwamvua mwenyewe ndiye aliyemletea Félicité kanzu na kofia ya marehemu, akamwekea mikononi, machozi yakimtoka.

Félicité alijua ishara chache za jirani yake: maji, mtoto, ugali, Mungu. Zilitosha kumshukuru. Hazikutosha kwa jambo ambalo Mwamvua alijaribu kumwambia kila zoezi lilipofanyika. Sufuria ilipoanguka, Mwamvua aligeuka; Félicité alidhani ameona kuku wakitawanyika. Mwamvua akapiga mguu chini mara mbili, akaweka kiganja kifuani, akamtazama kwa kusihi. Ana hofu, maskini, aliwaza Félicité. Akamshika bega, akamwonyesha juu: Mungu yupo. Kisha akaiangusha sufuria tena.

Asubuhi ya safari alimvua Modeste medali ya Bikira Maria, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake. Akawasindikiza watano wale hadi gatini ili awe mdomo wao. Njia nzima alisali rozari bila shanga, akihesabu kwa vidole.

Mkubwa wa waasi pale gatini alikuwa mwanamume mfupi, mpole wa sauti, amefunga kipande cha ngozi ya chui kichwani. Aliisoma karatasi, akawahesabu watu waliojipanga juu ya mbao, nyuso zao zikielekea ziwani.

"Bote beko viziwi?"

"Ndiyo, papa. Ni ndugu za jirani yangu. Walikuja kuona kaburi la babu yao."

"Na huyu wa kofia?"

"Naye pia. Alizaliwa hivyo."

Askari mmoja alicheka, akasema siku hizi viziwi wamekuwa wengi Uvira, hata makarani wameacha kusikia wakiitwa.

Mkubwa hakucheka. Alitoa mfukoni orodha ya makarani, akasimama nyuma ya mstari na kusoma jina moja baada ya jingine, bila haraka. La sita lilikuwa Modeste. Hakuna aliyegeuka. Félicité alilibana pindo la kitenge mpaka medali ikamwumiza kiganja.

Ndipo yule mkubwa akachukua bunduki ya askari, akaielekeza juu, akafyatua.

Ndege waliruka kutoka kwenye matete. Mbao za gati zikatetemeka. Wageni wanne wakashtuka, wakageuka wote, mmoja amejishika kifua. Félicité aliwaza: sasa watasema hawa ni waongo, watauawa kwa ajili ya mtoto wangu. Lakini Modeste alikuwa amesimama kama nguzo, macho kwenye maji. Hata kope haikumcheza. Ee Bwana, asante, alisali moyoni, na palepale akaomba asamehewe kwa kushukuru.

Mkubwa aliwatazama wale wanne. Akamtazama yule mmoja, muda mrefu zaidi. Kisha akamgeukia Félicité, akapiga mguu juu ya mbao mara mbili, akaweka kiganja kifuani.

"Mama yangu iko kiziwi," alisema. "Anasikia kwa miguu. Hawa bane bapande boti."