Mtungi na Kucha Nyekundu

Tangu mume wangu amlete mke wa pili karakanani, mpira wa maji anaushika yeye. Zamani kazi hiyo ilikuwa yangu: kujaza maji kila mtungi wa gesi kabla haujakatwa kutengenezwa jiko. Gesi hata ikiisha, kidogo hubaki ndani, na cheche moja inatosha.

Leo nilisimama mlangoni nikiitazama miguu yake. Kucha nyekundu, kandambili mpya. Mimi za kwangu nilijinunulia.

"Umejaza, mpenzi?" mume wetu aliuliza. Mpenzi! Mimi aliniita "wewe" miaka yote.

"Zamaaani!" alijibu mwenzangu, akausukuma mtungi kwa dole gumba la mguu. Ukabingirika kama kopo.

Mtungi wenye maji tulikuwa tukiusukuma wawili, tukihema.

Mume wetu akawasha mashine ya kukatia, akainama. Nikakimbilia ukutani, nikachomoa waya wa mashine.

"We mwanamke!" alifoka. "Huo wivu wako utatuua!"

Nilichuchumaa, nikaugonga mtungi kwa pete aliyonivisha mwenyewe.

Ukalia kama kengele.