Kabari za Josselin

Ilikuwa siku ya tisa mfululizo kwa Fundi Evrard kula mkate wake amejibanza kati ya malundo ya mawe, pumzi ameibana kama mwizi wa kuku, ndani ya kanisa kuu analolijenga mwenyewe.

"Kuna mtu huko chini?" Sauti ya Josselin ilishuka kutoka juu kwenye mbao.

Evrard akaacha kutafuna. Hakujibu.

Kisha ko, ko, ko. Nyundo ya mti. Vumbi la chokaa kutoka kwenye tao likamwangukia mabegani.

"Ehee," akasema moyoni. "Unahakikisha huonekani, shetani wee."

Josselin ndiye seremala aliyeunda kiunzi cha mbao kilichobeba tao kubwa la mawe juu ya altare. Kiunzi chenyewe kilikalia kabari kumi na mbili za mwaloni. Siku ya kuzigongoa kabari, mbao hushuka na tao hubaki peke yake. Na siku hiyo, kwa desturi ya mafundi wa pale, aliyelijenga tao husimama chini yake. Likisimama, anapewa mkono. Likianguka, hahitaji kuchimbiwa kaburi.

Siku yenyewe ilikuwa kesho kutwa, na Evrard alikuwa akiogopa. Mzee Thierry, aliyemfundisha kazi, alizikwa na tao lake mwenyewe ng'ambo ya mto Oise, na Evrard ndiye aliyemfukua. Isitoshe, chokaa ya safari hii ilipigwa na baridi kali kabla haijakauka. Hilo hakumwambia mtu, hata mkewe.

Sasa na huyu naye anachezea kabari! Sababu Evrard aliijua. Mwaka jana, mbele ya vibarua wote, alimwita Josselin fundi wa mabanda ya nguruwe. Watu walicheka. Josselin naye alicheka, na hapo ndipo Evrard alipoanza kumtilia shaka. Angepanda kuziona kabari kwa macho yake, ila goti lake lilishakataa ngazi, na kumtuma mtu kungemshtua mhalifu. Afadhali amuumbue mbele ya watu.

"Mbona siku hizi huli na wenzako?" alimwuliza Josselin walipokuwa wakifunga kazi.

"Nafunga, fundi."

"Kwaresima si imekwisha?"

"Naliombea tao lako." Josselin akatabasamu, akaenda zake.

Tabasamu lile lilimkaa Evrard kooni kama mwiba wa samaki.

Siku ikafika. Padri Odilon, msimamizi wa ujenzi, akanyunyiza maji ya baraka kisha akageuka. "Haya, fundi. Nenda kasimame."

"Sisimami."

Watu wakaguna. "Leo fundi kaingia baridi!" mmoja akapayuka kutoka nyuma.

"Asimame yeye!" Evrard akamnyooshea Josselin kidole. "Siku tisa anapanda kugonga kabari wenzake wakiwa kwenye mlo. Kama mikono yake ni safi, asimame yeye!"

Josselin akavua kofia.

"Nitasimama. Ila nyie mtakaopanda msijisumbue sana." Akaenda hadi katikati, mikono kiunoni, akapiga mwayo.

Vibarua wawili wakapanda na nyundo. Punde kichwa kimoja kikachungulia.

"Padri! Hakuna cha kugonga huku! Kabari zote zimelegea. Mkono wangu unapita kati ya mbao na mawe!"

Wote wakainua macho. Tao lilikuwa limesimama lenyewe.

"Linajisimamia tangu juzi," Josselin akasema. "Chokaa ilikuwa bado laini kwa ndani. Ukishusha mbao kwa mkupuo, linapasuka. Ukilegeza kidogo kidogo, siku baada ya siku, mawe yanabanana yenyewe. Ningekwambia, fundi, lakini nani amsikilize mjenga mabanda ya nguruwe?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Evrard aliona aibu hadi masikioni, lakini alifurahi zaidi ya alivyoaibika, naye akacheka, mara ya kwanza tangu majira ya baridi.

Padri Odilon hakucheka. "Na kama lingeporomoka wakati unalegeza? Ungeua mtu, Josselin!"

"Nimuue nani, padri? Nilingoja kengele ya mlo, kila mtu atoke. Na kila nilipotaka kugonga niliuliza kwanza, kwa sauti kubwa, kama kuna mtu chini. Hakuna hata siku moja niliyojibiwa."

Fundi Evrard akaacha kucheka, akatafuta jiwe la kukalia.