Kuku Aliyepona Mapema

Chambega alikuwa ameshalipita lango, anakimbia, dada yake Mwajabu alipomwona. Miezi mitatu alikuwa amekaa kibarazani na mguu uliovunjika, hanung'uniki. Siku ya kuungwa mguu huo, mzee Kibwana, muunga mifupa, alimvunja kuku mguu, akamfunga vijiti naye pia. "Huyu akiacha kuchechemea, ukakimbie," alisema. "Si kabla."

"Rudi unywe chai kwanza!" Mwajabu aliita.

"Chai wape wagonjwa, dada! Hujamwona kuku? Kafukua bustani yako yote!" Alikuwa akicheka, machozi yakimtoka. "Nilisema Mungu hanisahau!"

Mwajabu alishika nguzo ya lango. Kuku wa mzee Kibwana aliliwa na kicheche juzi, vijiti vikiwa bado mguuni. Huyu wa bustanini Mwajabu alimnunua sokoni, wa rangi ileile, ili mdogo wake asikate tamaa. Akafungua kinywa.

"Polepole, basi," alisema.

Mfupa ulikatika palepale pa zamani, kwenye mteremko. Watu walimlaumu mzee Kibwana; akakosa wagonjwa, akahama mji. Chambega hatembei tena. Anasema imani yake ilikuwa haba. Kila asubuhi Mwajabu humtolea kiti nje, humfunika miguu kwa khanga, kisha husimama nyuma yake.