Darasa la Dunguni

"Usiniambie unadhani," Zuena alimkatiza bintiye. "Unajua au hujui?"

Walikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia ndege, katikati ya mpunga wao kule Mahege. Zuena alirusha bonge la udongo. Ndege wakaruka, wakatua palepale. Alikuwa amechoka hata kuwachukia. Mwanawetu alilirudia swali kwenye karatasi ya mtihani wa zamani: majibu kutoka A mpaka E, la kweli moja tu.

"Najua. Ni D."

"Kwa nini si B?"

Mtoto akaeleza. Zuena akaridhika, wakahamia swali lingine.

Ndivyo ilivyokuwa kila alasiri tangu Mwanawetu aingie darasa la saba. Mtihani wa taifa ndio ungeamua kama ataondoka kwenda sekondari, kukaa hosteli mbali na nyumbani, au atabaki shambani na mama yake. Kaka yake, Saadi, aliufaulu. Alikwenda hosteli, akaunganisha Dar, na sasa ni sauti ya simu siku za Idi. Baba yao alishafariki. Kazi yote ya ndege, nguruwe na magugu ilibaki kwa Zuena, na mgongo wake ulikuwa umegoma.

Wakati mwingine usingizi ulimpitia akiwa ameketi. Akizinduka, aliuliza swali jingine.

Wanawake wa mashamba jirani walimtania kwamba amefungua shule juu ya miti. Mwalimu Abdulrazaq yeye alimsifu kwenye kikao cha wazazi. "Tuige kwa Mama Saadi," alisema. Zuena akainamisha uso, watu wakadhani ni haya.

Kilichomnyima raha ni kubahatisha.

"Mitihani hii ya kuchagua ina hila," alimwambia bintiye. "Hujui kitu, unasiliba herufi yoyote kwa penseli yako, halafu bahati inakuamulia. Mimi siitaki hiyo bahati. Soma majibu yote, mwanangu. Ondoa ya uongo, moja baada ya jingine, mpaka lile la kweli ulione waziwazi. Na usiache swali wazi, walimu watajiuliza."

"Nikishaliona?"

"Hapo unajua la kufanya."

Mpunga ukavunwa, Septemba ikafika na jua lake. Asubuhi ya mtihani Zuena alichonga penseli kwa kisu cha jikoni, akamsindikiza Mwanawetu mpaka shuleni. Kisha akarudi nyumbani, na siku zote za mtihani hakugusa jembe.

Siku ya mwisho mtoto alirudi na vumbi mpaka magotini. Zuena alikuwa uani, anapepeta mchele. Aliuweka ungo chini.

"Kuna ulilobahatisha?"

"Hakuna, mama. Yote nilikuwa nayajua."

"Wallahi?"

"Wallahi. Hisabati ndiyo ilikuwa nyepesi kuliko zote."

Zuena alimshukuru Mungu kwa sauti, machozi yakimtiririka. Uchovu wa mwaka mzima ulimshuka kwa mara moja, akakaa chini kwenye mchanga.

"Basi usilie," Mwanawetu alisema. Aliuokota ungo, akaanza kupepeta. "Kila nilipoliona la kweli nilisiliba la uongo, kama ulivyonifundisha. Hawanipeleki popote."