Siku ya Kumi na Moja Bila Vidonge

Sauti ilipoita mara ya tatu, Kisa alikiburuta kinu akakiegemeza mlangoni.

"Kisa! Nipe mkono!"

Ilitoka ziwani, kama zamani. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa kishindo na upepo uliikatakata ile sauti, lakini jina lake alilisikia vizuri. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akajisemea maneno aliyofundishwa kituo cha afya: nipo nyumbani kwangu, Lucy amekufa, wafu hawaiti.

Lucy, dada yake, alizama Ziwa Nyasa wakiwa wasichana. Miaka ishirini alinyamaza huko chini, kisha mwaka juzi akaanza kuita, na Kisa akaitika. Mara ya kwanza wavuvi walimkuta maji yakiwa kifuani. Mara ya pili yalikuwa yamefika kidevuni, na aliyemfuata humo akamvuta kwa nywele hadi nchi kavu alikuwa wifi yake Rut, dada wa mumewe.

Rut ndiye aliyempeleka Kyela kwa daktari. Rut ndiye aliyekuja kila jioni na kikombe cha maji, akasimama mpaka kidonge kipite kooni. "Ukimsikia tena, wifi, usitoke," alikuwa akimwambia. "Funga mlango, uimbe. Mimi nitakuja."

Ziwa likanyamaza. Mwaka mmoja na miezi miwili Kisa hakusikia kitu. Akalala usingizi, akanenepa, akaanza tena kucheka na wenzake baada ya ibada, na Rut akaacha kumsimamia. Shida ikawa mikono. Vidonge vilimletea mtetemeko, na kwa mwanamke wa Kikisi anayeishi kwa kufinyanga vyungu, mikono ndiyo shamba lake. Midomo ya vyungu vyake ilikwenda upogo. Wanunuzi wa Matema walivigeuzageuza, wakavirudisha chini bila neno.

"Nimepona," alimwambia Rut. "Aliyepona anameza dawa ya nini?"

"Huenda umepona kwa sababu unameza. Twende tukamwulize muuguzi kwanza, labda watakupunguzia."

"Mwezi ujao basi."

Mwezi ujao ulikuwa mbali. Jioni ileile Kisa alitupa kidonge motoni, na kesho yake kingine. Siku ya nne mikono ilitulia. Akafinyanga chungu ambacho ungekifudikiza mezani mdomo wote ukagusa ubao, usipate upenyo wa kupitisha ukucha. Kilipotoka motoni jana, Rut alikizungusha mikononi, akampa pole ya kazi, akacheka.

"Hiki nakiuza mwenyewe kesho sokoni. Mikono yako imerudi, wifi."

"Ndaga," Kisa alishukuru, akatazama pembeni. Alitaka kumwambia. Badala yake akamfungia kile chungu kwa majani ya mgomba.

Na leo, siku ya kumi na moja, Lucy alikuwa amerudi.

"Kisa! Leta kamba!"

Zamani Lucy hakuwahi kuomba kamba. Lakini muuguzi alishamwonya kwamba ugonjwa huu ukirudi huja na ujanja wake mpya. Kisa alitambaa hadi chini ya kitanda, akaitoa chupa ya vidonge, akameza kimoja bila maji. Kisha akaziba masikio kwa viganja, akaanza kuimba wimbo wa kanisani, kwa sauti ya kuishinda mvua.

Aliimba beti zote, akazirudia. Kila alipovuta pumzi aliisikia sauti bado ipo. Haikuomba tena kamba wala mkono. Ilisema jina lake tu, Kisa, Kisa, taratibu, kama mtoto anayeelekea kulala. Mara mbili alisimama. Mara ya pili vidole vyake viligusa kinu. Akakumbuka maji yalivyokuwa baridi kidevuni, akarudi chini, akaimba kwa nguvu zaidi.

Mwishowe palikuwa na mvua peke yake.

Kisa alilia, na kilio chenyewe kilikuwa cha furaha. Hakutoka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Lucy alimwita naye hakwenda.

Mvua ilikuwa imekatika pale mumewe, Ambilikile, aliporudi kutoka shamba la mihogo mlimani, matope hadi magotini. Kisa alikiondoa kinu, akamkalisha, akamweleza yote: vidonge vilivyoishia motoni, sauti, wimbo.

Ambilikile aliishika mikono yake.

"Ungeniambia," alisema. "Lakini umefanya vema. Umejishinda."

"Siachi tena," Kisa alisema. "Vyungu viende upogo, siachi. Jumatatu nitamwomba Rut anisindikize kwa muuguzi, tuulize habari ya huu mtetemeko."

"Atafurahi."

Waliinamisha vichwa wakashukuru. Walikuwa hawajasema amina, hodi ikapigwa. Alikuwa Ezekiel, jirani wa ng'ambo ya ghuba, nguo zimemganda mwilini. Alikataa kuingia. Alimtazama Ambilikile tu.

"Kaka, tumempata dada yako," alisema. "Alikuwa anatoka sokoni, mtumbwi ukapinduka hapo chini ya mwamba wenu. Alishikilia jiwe muda mrefu, anaita. Tulijaribu kuvuka, mawimbi yakaturudisha mpaka akanyamaza."

Alijipangusa maji usoni.

"Tulidhani hapa kwenu hakuna mtu. Ila upepo ulipogeuka, tukasikia mtu anaimba."