Mkulo Uliokanwa na Ramani

Msinicheke. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, na moja bado lina vumbi la mbao.

Siku hizi ni marufuku ramani ya misitu kukosea. Ikisema joto limeufukuza mti fulani mlimani, ukionekana bado umesimama huko, huo ni mti muongo, unakatwa. Mkulo, mti wa milima yenye baridi, ambao mke wangu, Mama Hiza, aliupanda juu ya kaburi la kitinda mimba wetu ulikuwa muongo mwenye afya tele.

Bwana Mbaruku wa Ofisi ya Ramani alikuja na wakataji wawili.

"Shikamoo, mama. Mkulo hauwezi kuishi hapa."

"Marahaba. Basi huu unaoukodolea macho ni mbuzi?"

Wakataji walicheka, lakini msumeno ukanguruma. Mnyororo ulikatika, ukaruka na sikio la mmoja wao. Wakafunga mnyororo mwingine. Mkulo ukaangukia jiko letu, ukalisaga pamoja na kuku waliokuwa wakiatamia. Mama Hiza akanyakua mchi wa kinu, akamtwanga Mbaruku taya mpaka meno yakamwagika kwenye unga wa mbao.

Mbaruku hakukasirika. Alifuta damu kwenye kioo cha simu, akaitazama ramani, kisha akamtazama mke wangu.

"Pole, mama," akasema kwa shida. "Inaonyesha hata binadamu hawezi kuishi hapa."

Mama Hiza alinishika mkono kwa namna ambayo hakuwa amenishika tangu siku ya harusi, akaniingiza ndani, akafunga mlango. Nje, wakataji walikuwa wakiongeza mafuta kwenye msumeno.